Krauni na Tyubu: Kwa Nini Saa Inayong'aa Inakufa kwa Maji

Kwenye chumba cha mtihani simu haiingii, na zile saa zinazopokea ujumbe nazo zinaishia mlangoni. Ndiyo maana UE zikikaribia, mikono mingi hapa kampasi inarudi kwenye saa za mishale. Wengine wamezirithi, wengine wamezinunua Kariakoo, na kuna kikundi kidogo, mimi nikiwemo, tunaoziunga wenyewe. Unanunua bodi peke yake, mashine peke yake, uso, mishale, kioo, kisha unakaa mezani na kibano na lenzi ukiomba feni ya chumba isiwashwe. Watu wakisikia hivyo hudhani ugumu uko kwenye mashine, kwenye yale magurudumu madogo. Hapana. Mashine inakuja imeshafungwa kiwandani. Kinachokula boom la watu ni kile kitufe cha pembeni na kibomba kidogo kinachokaa chini yake.

Tukubaliane majina kwanza, maana hapa Kiswahili cha mtaani kinatuacha kidogo. Kitufe cha pembeni unachokizungusha au kukivuta ili kurekebisha saa nitakiita krauni. Kibomba cha chuma kinachotoka kwenye ubavu wa bodi, ambacho krauni inakivaa kama kofia, nitakiita tyubu. Ndani ya tyubu kinapita kijiti chembamba cha chuma: upande mmoja kina tredi na kimefungwa kwenye krauni, upande mwingine kimeingia kwenye mashine. Na ndani ya krauni kuna oringi, pete ya mpira, ndogo kuliko punje ya mchele.

Wazee wetu wanasema "tia saa ufunguo", na hawakukosea. Zamani saa ilikuwa na ufunguo wa kweli, kidude unachokichomeka na kukizungusha, na kikipotea saa inalala. Mfaransa Adrien Philippe alionyesha mjini Paris mwaka 1844 saa inayojazwa kwa kitufe chake yenyewe, bila ufunguo, na huko ndiko alikokutana na Patek, mwenzake wa baadaye katika kampuni ya Patek Philippe. Ufunguo ukaondoka kwenye saa, ukabaki kwenye lugha. Lakini kitufe kilileta tatizo lake. Ili kijiti kiweze kuzunguka na kuvutwa kutoka nje, lazima bodi iwe na tundu linaloingia moja kwa moja hadi kwenye mashine. Mfuniko wa nyuma unaweza kuubana na kuusahau miaka kadhaa. Kioo hakichezi. Tundu la kijiti ndilo peke yake lenye kitu kinachosogea kila siku, na hapo ndipo maji, jasho na vumbi vinapopigia hodi.

Suluhisho la kwanza lililopata sifa kubwa ni krauni inayofungwa kwa tredi, kama kifuniko cha chupa. Waswisi wawili, Paul Perregaux na Georges Perret, waliiombea hataza mwaka 1925, Hans Wilsdorf wa Rolex akainunua, na mwaka 1926 ikatoka saa ya Oyster. Oktoba 1927 mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia kwenye mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa ameivaa shingoni. Alikaa kwenye maji ya baridi zaidi ya saa kumi, na safari hiyo hakuimaliza, ilibidi atolewe. Saa ikatoka inatembea. Wilsdorf hakulaza damu: Novemba mwaka huohuo akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kutangaza habari hiyo.

Sasa turudi mezani. Unapotafuta krauni ya kubadilisha, muuzaji atakuuliza kitu kimoja tu: "Kubwa au ndogo?" Hilo ndilo swali la chini kabisa kwa umuhimu. Upana wa nje unahusu macho na vidole. Una kazi moja tu ya kiufundi: kama bodi ina mabega mawili yanayoikinga krauni, basi krauni ya milimita 7 haitakaa mahali palipochongwa kwa milimita 6. Ukishalijua hilo, liweke pembeni. Vipimo vinavyoamua kama saa itaishi viko ndani, mahali ambapo huvioni ukiwa umesimama dukani.

Cha kwanza ni tredi ya kijiti. Mashine nyingi utakazokutana nazo, kama NH35 ya kundi la Seiko, ETA 2824-2 ya Uswisi au Miyota 9015, zina kijiti chenye tredi ya milimita 0.9. Mashine kubwa ya Unitas 6497, iliyoanzia kwenye saa za mfukoni, ina milimita 1.2. Krauni ya 1.2 ukiifunga kwenye kijiti cha 0.9 itacheza na kuchomoka, mara nyingi ukiwa kwenye daladala. Hapa kuna mtego mdogo unaowachanganya wengi: kwa sababu NH35 na 2824-2 zote ni 0.9, krauni moja inaweza kukubali vijiti vya mashine zote mbili. Vijiti vyenyewe havibadilishani. Ncha inayoingia ndani ya mashine imechongwa tofauti kwa kila moja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", muulize anazungumzia krauni au kijiti.

Cha pili, na huyu ndiye muuaji, ni upana wa nje wa tyubu. Kwa krauni za kawaida zisizofungwa kwa tredi, vipimo vinavyopatikana sana ni milimita 2.0 na milimita 2.5. Krauni inauzwa kwa kipimo cha tyubu inayoipokea. Oringi iliyo ndani yake imetengenezwa iwe na tundu dogo kidogo kuliko tyubu, ili ikivalishwa itanuke na kuibana pande zote. Kubanwa huko ndiko kunakozuia maji. Mpira usiobanwa ni pambo.

Piga hesabu. Chukua krauni ya tyubu ya 2.5 uivalishe kwenye tyubu ya 2.0. Inaingia kwa raha, tena kwa raha kuliko ile sahihi. Inazunguka vizuri, saa inarekebishika, kwa nje huoni kasoro. Lakini tofauti ya nusu milimita ukiigawa pande mbili unapata pengo la milimita 0.25 kila upande, na oringi haiwezi kulijaza lote. Unywele wa binadamu una unene wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa macho ya tone la jasho, mlango uko wazi. Kinyume chake hakina hatari kubwa: krauni ya 2.0 haiingii kwenye tyubu ya 2.5, na hata ukiilazimisha utajua mara moja kwamba umeharibu. Ndiyo maana huwa nawaambia wenzangu wasiiogope krauni iliyogoma. Waiogope iliyoingia kirahisi.

Jamaa mmoja tunayekaa naye bweni moja ana saa ya marehemu babu yake, automatiki ya Kijapani, uso wa bluu uliopauka. Krauni ilimchomoka mwaka jana, akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akatoa kopo lenye krauni za kila aina, akajaribu mbili tatu, ya nne ikaingia, akapokea hela yake. Sikatai, fundi alifanya alichoombwa: mteja alitaka saa irudi mkononi siku hiyohiyo na kwa bei ya chipsi yai. Baada ya wiki chache ukungu ukaanza kuonekana chini ya kioo nyakati za asubuhi. Halafu ukawa unabaki mpaka mchana. Alipoileta mezani kwangu kijiti kilikuwa na kutu ya rangi ya chai, na doa lilikuwa limeshaanza kutambaa kwenye uso kutokea upande wa krauni. Tulipima: tyubu 2.0, krauni 2.5. Mashine nyingine ya aina ileile inatafutika. Kijiti kinatafutika. Uso ule, wenye mkwaruzo pale mzee alipowahi kuifungua mwenyewe kwa kisu, hauuzwi popote.

Hali yetu ya Dar inazidisha mambo. Joto, unyevunyevu, jasho lenye chumvi, na kwa wanaoshuka Coco Beach wikiendi, bahari yenyewe. Chumvi ikishaingia kwenye tyubu haitoki kwa kufuta na fulana.

Cha tatu ni kina. Tyubu inatokeza nje ya bodi kwa kiasi fulani, na krauni ina shimo la kuimeza. Kama tyubu imetokeza milimita 2.0 na shimo la krauni lina kina cha milimita 1.6, krauni itasimama mbali na bodi kwa milimita 0.4, na hakuna nguvu itakayoisogeza. Watu wengi hapo hukata kijiti wakidhani ndicho kirefu. Wanakata, wanajaribu, wanakata tena, mpaka kijiti hakifiki kwenye mashine, na krauni bado imesimama palepale. Kabla ya kushika koleo, chomoa kijiti kwenye krauni, ivalishe krauni peke yake kwenye tyubu, uangalie kama inagusa bodi. Isipogusa bila kijiti, kijiti hakina hatia.

Kuhusu kupima: mikromita ya maabara inasoma sehemu moja ya mia ya milimita. Vernia kalipa ya kawaida tunayofundishiwa Kidato cha Kwanza inasoma sehemu moja ya kumi, na kwa kutofautisha 2.0 na 2.5 inatosha kabisa. Mimi nasomea ualimu wa fizikia, na nakiri sijaona somo la vipimo likieleweka haraka kama nilipowapa wadogo zangu tyubu mbili na krauni mbili, nikawaambia watafute nani ni wa nani. Wengi wetu vernia tuliisoma kwa kuchorewa ubaoni, tukaitumia kupima kipenyo cha kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho. Hapa kipimo kikikosewa, saa ya mtu inaoza.

Pima tyubu ikiwa safi. Uchafu uliokauka juu yake unaweza kuongeza kipimo. Usipime tundu la krauni kwa kalipa ukategemea jibu, kwa sababu mdomo wa kalipa ni mnene na tundu ni dogo, halafu oringi inakudanganya kwa kulegea. Pima tyubu, kisha nunua krauni iliyoandikwa kipimo hicho. Kama krauni haikuandikwa, iko tu kwenye kopo na wenzake, jaribu kuhisi: iliyo sahihi inaingia kwa ukinzani kidogo, laini, ulio sawa mzunguko mzima.

Krauni za kufunga kwa tredi ni dunia nyingine, na kwa wanaounga saa za kuzamia zinazofuata umbo la Seiko SKX007, hii ndiyo dunia yetu. Tyubu yake ina tredi kwa nje, krauni ina tredi kwa ndani, na ndani ya krauni kuna springi inayosukuma. Springi ni ya lazima, kwa sababu krauni inashuka inapofungwa wakati kijiti hakina pa kwenda, kimeshafika mwisho ndani ya mashine. Springi inajikunja na kulipokea lile shuka.

Hapa usinunue krauni bila tyubu yake. Upana unaweza kulingana na bado tredi zisilingane. Tuseme tyubu inapanda milimita 0.25 kwa kila mzunguko na krauni imekatwa kwa milimita 0.30. Mzunguko wa kwanza unaingia vizuri, kosa ni 0.05 tu. Wa pili unaanza kukaza. Ukifika wa nne kosa ni 0.20, karibu tredi nzima, na kinachozunguka sasa si skrubu tena bali kisu. Tredi za tyubu zinavuliwa ngozi. Wenye bodaboda wanalijua jambo hili bila hesabu: cheni ikiisha wanabadilisha na sproketi zake, seti nzima, kwa sababu meno yaliyolika yataila cheni mpya. Krauni mpya juu ya tyubu iliyolika ni hivyohivyo.

Kuna mbinu ya vidole inayookoa tredi nyingi. Kabla ya kufunga, ibonyeze krauni taratibu na uizungushe kinyume kwanza, kama unafungua. Utahisi mruko mdogo, tredi moja ikidondoka ndani ya nyingine. Hapo ndipo uanze kufunga. Ikikaza mapema, rudi nyuma. Usilazimishe, na usitumie koleo kamwe.

Kubadilisha tyubu yenyewe kunategemea imekaaje. Nyingine zimekazwa kwa tredi kwenye bodi. Hizo zinatolewa kwa kifaa chenye meno kinachoshika kwa ndani, na mpya inawekwa pamoja na gundi ya kufungia tredi, kidogo sana, maana ikivuja ndani itagandisha kijiti. Nyingine zimesukumwa kwa nguvu tu. Hizo zinahitaji kusukumwa zikiwa zimenyooka kabisa, na upana wa sehemu inayoingia kwenye bodi ni kipimo kingine tofauti na kile cha sehemu inayotokeza nje. Kuna bodi ambazo tyubu ni sehemu ya chuma chenyewe, haitoki. Tredi zikiisha hapo, fundi mwenye mashine ya kuchonga anaweza kuikata na kutoboa upya, kama tu bei ya bodi nyingine haiko chini ya bei yake. Kwa bodi hizi za kuunga, mara nyingi iko chini.

Urefu wa kijiti ndio wa mwisho, na uwe wa mwisho kweli, baada ya krauni na tyubu kukubaliana. Kijiti kipya kinakuja kirefu makusudi. Kifunge kwenye krauni, kiingize kwenye mashine ikiwa ndani ya bodi, kisha pima pengo lililobaki kati ya krauni na bodi. Hilo ndilo la kuondoa. Kata pungufu ya hilo, malizia kwa tupa ndogo, jaribu, piga tena. Ncha ya tredi ibaki safi, haina makali yaliyopinda. Kwa krauni yenye springi, pima ukiwa umeibonyeza, vinginevyo springi inakuongezea urefu usiokuwepo. Kijiti kikibaki kirefu, krauni itakuwa ngumu kufungwa na itaisukuma mashine muda wote. Kikiwa kifupi, utaifungua krauni, utaizungusha, na hakuna kinachojazwa.

Halafu kuna maneno ya mgongoni. "3 BAR" au "mita 30" si ruhusa ya kuzama mita 30. Ni jinsi ya kusema saa itavumilia mvua na kunawa mikono. Kwa saa za kuzamia kweli, kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinaanzia mita 100. Na maandishi hayo yalihusu saa ilivyotoka kiwandani, na krauni yake. Ukishabadilisha krauni, mgongo wa saa haujui.

Paka oringi mafuta ya silikoni, tone la ncha ya sindano. Usitumie mafuta ya kupaka mwilini wala ya cherehani, mengine yanauvimbisha mpira. Kisha pima kabla maji hayajakupimia. Wenye duka wana mashine ya presha. Sisi wa bweni tuna njia ya joto, ambayo inafaa kuonyesha kama unyevu umeshaingia. Pasha saa taratibu mpaka ifike nyuzi joto 40 hivi, kwa mfano juu ya kifuniko cha sufuria yenye maji ya uvuguvugu, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko mkavu. Itoe, dondosha tone moja la maji ya baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Kioo kikibaki kisafi, ndani ni pakavu. Kikibaki na ukungu pale tone lilipokuwa, fungua mfuniko siku hiyohiyo, toa mashine, iache ikauke, na urudi na kalipa kwenye tyubu.